Mtu Asiyeonekana na Upanga wa Sihiri

Usiku mmoja, zamu ya kulinda mabweni iliponiangukia, nilizima tochi yangu nikanyata kandokando ya ukuta ili nisionekane. Katika bweni la mwisho niliwakuta wavulana wanne wa kidato cha tatu wameketi sakafuni, wameizunguka taa ndogo. Mbele yao palikuwa na dadu, kalamu, na daftari lililojaa tarakimu. Kwa kuwa kwetu dadu na kamari ni kama chanda na pete, nilidhani nimewafumania wacheza kamari. Nikazitwaa dadu zile nikazitia mfukoni. Mmoja wao akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, hatuchezi pesa. Tumekwama kwenye swali tu. Mwenzetu huyu ametiwa sihiri ya kutoonekana, na kiunoni ana upanga wa sihiri unaotoa mwanga. Akiuchomoa alani, je, adui zake watamwona au hawatamwona?"

Nilitaka kucheka, nisiweze, maana sikuwa na jawabu. Nilikwenda zangu kulala, dadu zao mfukoni na swali lao kichwani.

Ewe msomaji, huenda ukasema kwamba swali hilo ni la kitoto. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini nilipolifuata katika vitabu niliona kwamba watu wameliuliza kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi, na walioliuliza hawakuwa watoto, bali walikuwa malenga, wanafalsafa na askari. Nifuate basi, tulitazame pamoja. Ili tusipotee njiani, na tuligawe mafungu matatu. Kwanza, mtu asipoonekana, je, kile alichokishika mkononi nacho hakionekani? Pili, akimpiga mwenzake, je, huendelea kufichika? Tatu, ikiwa silaha yake hung'aa, je, mwanga wake nao hufichika?

Tuanze na Wayunani wa kale. Katika utenzi wao mkubwa uitwao Iliad, unaosimulia habari za vita vya Troy, mna kisa cha Athena, mmoja wa miungu yao wa kike. Siku moja Athena alivaa kofia ya Hades, mfalme wa kuzimu, ambayo aliyeivaa hakuonekana hata na miungu wenzake. Akapanda gari la vita la shujaa Diomedes, akausukuma mkuki wa shujaa huyo ukamchoma Ares, mungu wa vita, tumboni. Angalia jambo hili kwa makini. Mkuki ulionekana, na Diomedes alionekana. Mkono ulioutia mkuki nguvu ndio usioonekana. Hata hivyo Ares alipokwenda kwa baba yao Zeus kushtaki, hakumshtaki Diomedes peke yake, alimtaja na Athena. Kofia ilimficha mwili, haikumficha tendo.

Wayunani hao hao walisimulia pia habari za Perseus, aliyetumwa kuleta kichwa cha Medusa, yule kiumbe wa kutisha ambaye kila aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Perseus alipewa kofia ile ile ya Hades, na upanga uliopindika kama mundu. Alipokwisha kumkata Medusa kichwa, ndugu zake wawili walimkimbiza, wasimwone, akaokoka. Hapa kofia haikusaidia kupiga, ilisaidia kutoroka baada ya kupiga. Msimulizi hakujishughulisha kueleza kama upanga nao ulitoweka. Hadithi ilikuwa ya mtu mmoja anayesema na wengine wanaosikiliza. Naye msimulizi akisema shujaa ameokoka, basi ameokoka.

Wa kwanza kuligeuza jambo hili likawa swali la kufikiri alikuwa Plato, mwanafalsafa wa Athens, katika karne ya 4 K.K. Katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, kijana mmoja, Glaucon, anasimulia habari za mchungaji wa nchi ya Lydia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Ardhi ilitetemeka ikapasuka, mchungaji akashuka shimoni, akakuta farasi wa shaba, na ndani yake maiti yenye pete ya dhahabu kidoleni. Aliitwaa pete ile. Baadaye akagundua kwamba akikigeuza kito chake kielekee kiganjani, watu hawamwoni. Alifanya nini basi? Alikwenda katika nyumba ya mfalme, akampata malkia, akamwua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anauliza: kama zingekuwapo pete mbili kama hiyo, moja akapewa mtu mwema na moja mtu mwovu, je, matendo yao yangetofautiana? Au watu huwa wema kwa sababu tu wanaonekana?

Mchungaji huyo, kwa maneno ya Plato, alikuwa wa ukoo wa Gyges. Sasa, wewe mwanafunzi wa historia, sharti ujifunze kupambanisha masimulizi. Gyges alikuwako kweli. Alikuwa mfalme wa Lydia katika karne ya 7 K.K., na jina lake, kwa matamshi ya Gugu, limo katika maandishi ya Ashurbanipal, mfalme wa Waashuru. Tena Herodotus, aliyeandika kabla ya Plato, anaeleza jinsi Gyges alivyoupata ufalme, wala hataji pete hata kidogo. Anasema kwamba mfalme Candaules alijisifu mno kwa uzuri wa mkewe, akamlazimisha Gyges, mlinzi wake, ajifiche nyuma ya mlango wa chumba cha kulala amwone. Malkia alimwona Gyges akitoka. Kesho yake akamwita akampa mambo mawili achague moja: amwue mfalme au afe yeye. Gyges akajificha nyuma ya mlango ule ule, mara hii na jambia mkononi.

Je, waona? Penye pete palikuwa na mlango. Huenda hivyo ndivyo hadithi nyingi za kutoonekana zinavyozaliwa: mtu mwenye silaha aliyejificha gizani, na watu wasiofahamu aliingiaje. Pete ni mlango uliopambwa na wasimulizi.

Karne nyingi baadaye, yapata mwaka 1200, utenzi wa Wajerumani uitwao Nibelungenlied ulimpa shujaa Siegfried vyote viwili kwa pamoja: upanga wenye sifa uitwao Balmung, na vazi la kutoonekana alilomnyang'anya kibeti Alberich. Vazi hilo lilimwongezea na nguvu za watu 12. Mfalme Gunther alitaka kumwoa malkia Brünhild, ambaye hakukubali kuolewa ila na mtu atakayemshinda kurusha mkuki, kutupa jiwe na kuruka. Gunther hakuweza. Siegfried akalivaa lile vazi, akasimama karibu naye, akafanya kazi yote, huku Gunther akifanya ishara za mikono tu. Zamu ya kurusha mkuki ilipofika, Siegfried aliugeuza, mpini mbele na ncha nyuma, ili asimwue malkia. Huo ulikuwa utu. Lakini hila ilibaki hila. Baada ya miaka siri ikafichuka katika ugomvi wa wake wawili, na matokeo yake Siegfried mwenyewe akachomwa mkuki mgongoni, mahali pekee mwilini mwake palipoweza kupenya silaha. Siku za mwizi ni arubaini, nazo siku za asiyeonekana hazizidi sana.

Nawe mtoto wa pwani, au uliyesoma habari za pwani, bila shaka umekwisha kumkumbuka Fumo Liongo. Masimulizi yake yalichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akayatungia utenzi mwaka 1913. Liongo hakuwa na haja ya kutoonekana. Alionekana na kila mtu, ila silaha hazikumwingia. Kilichoweza kumwua ni sindano ya shaba tu, tena ichomwe kitovuni. Siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe, na mwanawe akamchoma usingizini. Liongo akaamka na uchungu wake, akatwaa upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde, akafa katika hali ile. Watu walimwona kwa mbali wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, wasijue kwamba wanamwogopa maiti. Hadithi za Ulaya zinamfanya mtu aliye hai asionekane; hadithi yetu inamwonyesha mtu aliyekufa akiendelea kutisha kwa kuonekana tu. Lakini zote zinakubaliana kwamba kila sihiri ina tundu lake, na adui hulitafuta tundu hilo.

Sasa tufike karibu na zama zetu. Mwaka 1897 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha hadithi juu ya mtu asiyeonekana, naye ndiye aliyejibu swali letu la kwanza kwa ukali. Mtu wake, Griffin, aliugeuza mwili wake kwa elimu ya sayansi, si kwa uganga. Kwa hiyo mwili tu ndio usioonekana. Nguo zake zilionekana. Ili afichike ilimlazimu kutembea uchi katika baridi ya Uingereza. Nyayo zake zilionekana katika matope, na mbwa walimnusa. Alipoishika bastola, watu waliiona bastola ikielea hewani. Alipolishika shoka, waliliona shoka likivunja madirisha peke yake. Silaha ndiyo iliyomsaliti. Mwishowe alizingirwa na umati akapigwa hadi kufa, na mwili wake ukaanza kuonekana alipokwisha kukata roho.

Kisha mwaka 1937 mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, J. R. R. Tolkien, akatoa The Hobbit. Humo kiumbe mdogo, Bilbo, anaokota pete ya kutoonekana, naye kiunoni ana upanga mfupi wa kale ambao hung'aa maadui fulani wakikaribia. Hapo, msomaji, ndipo pete na upanga wenye mwanga vilipokutana katika mkono mmoja. Akiivaa pete, nguo na silaha zake hutoweka pamoja naye. Katika jua kali tu ndipo huonekana kivuli chake hafifu. Na humo mna jambo ambalo Glaucon angetamani kulisikia. Bilbo, asiyeonekana, mwenye upanga mkononi, anamkuta adui yake Gollum ameziba njia ya kutokea pangoni. Gollum hana silaha, wala hamwoni. Ni pigo moja tu. Lakini Bilbo anamhurumia, anaruka juu ya kichwa chake, anakwenda zake. Katika visa vyote nilivyovitaja, huyo ndiye aliyepewa pete na upanga, asiwe na shahidi hata mmoja, naye akauzuia mkono wake.

Mpaka hapa tumekuwa katika hadithi. Mchezo wa wale wavulana wanne ulitoka wapi? Ulitoka vitani. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa kuigiza vita mezani, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, akautolea kanuni zilizoandikwa. Maafisa walicheza juu ya ramani kwa vipande vidogo vilivyokuwa badala ya vikosi, wakitupa dadu ili kujua hasara ya kila upande. Lakini kikosi kilicho nyuma ya kilima hakionekani na adui. Basi kitawekwaje mezani pasipo kuonekana? Dawa waliyoipata ni mwamuzi. Yeye peke yake alijua mahali vikosi vyote vilipo, na hakukiweka kipande juu ya ramani ila pale adui alipoweza kukiona. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sihiri ya kwanza ya kutoonekana kuwekewa kanuni, nayo haikuwa sihiri hata kidogo.

Mwaka 1913 yule yule H. G. Wells alitoa kitabu kidogo cha kanuni za kuchezea vita kwa askari wa sanamu, ili raia nao waucheze mchezo huo nyumbani. Mchezo ukaenea polepole Uingereza na Marekani. Mwaka 1971, Gary Gygax na Jeff Perren, Wamarekani wawili, wakatoa kanuni za vita vya zama za kati ziitwazo Chainmail, na mwishoni wakaongeza kurasa za mambo ya ngano: wachawi, mazimwi, mishale na panga za sihiri. Wakati huo huo katika jimbo la Minnesota, Dave Arneson alikuwa akiendesha mchezo ambamo kila mchezaji hakuongoza jeshi, bali alijifanya mtu mmoja mwenye jina na tabia yake. Gygax na Arneson wakaunganisha mawazo yao, na mwaka 1974 wakatoa vitabu vidogo 3 vya Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000 tu. Mchezaji husema, "Nafungua mlango," na mwamuzi humweleza anachokiona nyuma ya mlango. Jambo likiwa na shaka, dadu huamua.

Ndipo matatizo ya kale yalipozuka upya. Katika hadithi kuna msimulizi mmoja. Mezani kuna watu watano, kila mmoja na hoja yake. Mchawi asiyeonekana, aliyeshika silaha, angeweza kuwamaliza maadui wote mmoja mmoja bila ya kupata hata mkwaruzo. Mchezo ungekwisha siku hiyo hiyo, na wenzake wasingekuwa na kazi ila kupiga miayo. Kwa hiyo waandishi walitoa sheria ambayo hadithi za kale hazikuijua. Kanuni za 1971 zilisema kwamba mchawi aweza kutoonekana hadi atakaposhambulia. Kanuni za 1974 zikaikumbusha sheria ile ile: mtu hawezi kushambulia na papo hapo akaendelea kufichika. Sihiri yenyewe haikuwekewa muda. Ungeweza kukaa nayo mwezi mzima ukitaka, ukapita katikati ya walinzi, ukasikiliza siri zao, ukawapitishia mkono mbele ya macho. Lakini siku utakapouinua mkono kupiga, siku hiyo utaonekana.

Silaha nazo ziliwekewa daraja. Upanga wa sihiri ulipewa nyongeza ya 1, 2 au 3 juu ya dadu ya mpiganaji, na viumbe wengine hawakudhurika kwa chuma cha kawaida, ila kwa silaha ya sihiri tu. Zaidi ya hayo, katika kanuni za 1974 baadhi ya panga zilikuwa na akili zao. Upanga wa namna hiyo uliweza kumwonyesha mwenyewe milango ya siri na mitego, na mmoja katika vipawa vyake vilivyoorodheshwa ni kuona vitu visivyoonekana. Basi sihiri moja ikawekwa ikabili nyingine: mmoja ana vazi la kumficha, mwenzake ana upanga unaomfichua. Tena upanga wenye akili uliweza kumshinda mwenyewe nguvu ukamwamuru autakavyo, na hilo ni onyo kwa kila anayedhani kwamba silaha ni mtumwa wa mwenyewe siku zote.

Watu wakaendelea kucheza, na kila palipotokea mabishano kanuni ikaongezwa. Mwaka 1978 wasanii wa mazingaombwe wa mchezo huo walipewa sihiri kubwa zaidi, ambayo haikuvunjika mtu aliposhambulia. Lakini iliwekwa katika daraja za juu, ikawa ya muda mfupi, na aliyeshambuliwa bado aliweza kumpiga asiyeonekana kwa kubahatisha, dadu zake zikipunguzwa 4. Kampuni ya kwanza iliuzwa mwaka 1997, na wenyeji wapya walipotoa toleo lao la mwaka 2000 waliandika kanuni kama mawakili. Unachobeba hutoweka pamoja nawe. Ukikitupa chini, kinaonekana. Ukiokota kitu, hakitoweki mpaka ukifiche katika nguo au mkoba wako. Kikijitokeza mbali nawe zaidi ya futi 10, sehemu iliyozidi huonekana. Hivyo swali la Wells, lile la bastola inayoelea, likapata jawabu lililo kinyume cha lake.

Na mwanga je? Hapa ndipo lilipo jawabu la wavulana wangu. Toleo hilo hilo lilieleza kwamba silaha 30 katika kila 100 za sihiri hutoa mwanga, na kwamba mwanga huo hauwezi kuzimwa, wala silaha ya namna hiyo haiwezi kufichwa ikiwa imechomolewa. Tena likaeleza, mahali pengine, kwamba chombo kinachotoa mwanga chaweza kutoonekana, lakini mwanga wenyewe kamwe hautoweki. Ziweke kanuni hizo mbili pamoja. Mtu haonekani, upanga hauonekani. Lakini ukutani patatokea mwanga usio na taa, nao utakwenda aendako. Adui hawatamwona yeye, ila watajua alipo.

Lakini hata sheria hiyo iliyoandikwa kwa uangalifu iliacha tundu. Toleo la 2000 lilisema kwamba kumdhuru mtu kwa njia ya mbali si kushambulia. Mathalani, asiyeonekana aweza kuzikata kamba za daraja lililojaa maadui, wakaanguka bondeni, naye akabaki amefichika! Sheria iliutazama mkono, haikuutazama moyo. Toleo la 2014 likaweka muda wa saa 1, likasema kwamba sihiri huvunjika mtu akishambulia au akitamka sihiri nyingine. Marekebisho ya 2024 yakaongeza kwamba huvunjika hata mtu akisababisha madhara. Hivyo kwa muda wa miaka 50 na zaidi sheria imekuwa ikilikimbilia tundu lile lile ililoliona Glaucon. Ndivyo sheria za nchi nazo zinavyokua: mtu mwerevu hupata mwanya, majirani hulalamika, na mstari mmoja huongezwa kitabuni.

Huenda ukaniuliza, msomaji, kama nataka uamini kwamba mambo haya ya sihiri yako. La, hasha. Mezani, sihiri ikikosea, mchezaji hucheka akaandika jina jipya katika daftari. Vitani hakuna daftari jipya. Mwaka 1905, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, watu waliochoshwa na utawala wa Wajerumani waliinuka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia maji ya dawa, wakaaminishwa kwamba risasi zitageuka maji. Imani hiyo iliyaunganisha makabila mengi ambayo hapo kwanza hayakuwa kitu kimoja, na ushujaa wao hatuna budi kuuheshimu. Lakini huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, waliikabili bunduki ya rashasha vifua wazi, nayo haikutii dawa. Vita vilikwisha mwaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Anayejua tofauti ya mchezo na mambo ya kweli aweza kucheza bila madhara. Asiyeijua aweza kuangamia.

Baada ya majuma mawili niliwaita wale wavulana wanne, nikawarudishia dadu zao pamoja na jawabu. Walisikiliza kimya. Mwisho yule aliyekuwa na upanga wa mwanga akasema, "Basi, Mwalimu, afadhali niuache alani, nipite tu." Nikamwambia kwamba huenda hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyoandikwa juu ya upanga ule.

Walipoondoka nilikumbuka kwamba usiku ule mimi ndiye niliyezima tochi ili nisionekane, na pigo langu la kwanza lilikuwa kuwanyang'anya mali yao kabla ya kuwauliza neno. Nao wakanijua papo hapo mimi ni mtu wa namna gani. Wewe nawe, ewe kijana, utapewa saa zako za kutoonekana: katika chumba cha mtihani msimamizi akigeuka, katika duka la mtu akiingia ndani kutafuta chenji, katika ofisi siku utakapokabidhiwa muhuri na funguo. Saa hizo hakuna mwamuzi atakayetupa dadu. Utakuwa peke yako na upanga wako, na itakubidi uamue kama utauchomoa.